Kusubu risasi nyumbani (na hapana, sina bunduki)

Leo hatuzungumzii seva wala hifadhidata. Na kabla hamjaanza kunipigia simu kuuliza kama niko salama, acha nieleze kichwa cha makala.

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni ile metali laini ya kijivu ambayo wanakemia huiandika Pb. Risasi pia ni kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki. Si ajabu, maana kwa karne nyingi hiki cha pili kilitengenezwa kwa ile ya kwanza. Tuna hata kitenzi cha kazi yenyewe: kusubu, yaani kumimina metali iliyoyeyuka ndani ya kalibu, ikaganda na kuchukua umbo. Enzi za magobori, mwenye bunduki alihitaji kalibu kama anavyohitaji baruti.

Mimi nimekuwa nikisubu risasi ile ya kwanza, metali. Nilikuwa nikitengeneza chubwi, vile vizito vinavyofungwa kwenye mshipi wa kuvulia ili ndoana izame. Nimeifanya kazi hii nyuma ya nyumba, hapa Mtwapa, kwa karibu miaka minne. Ilikuwa starehe yangu ya Jumamosi asubuhi, baada ya wiki nzima ya kukodolea macho tarakilishi. Leo nataka kueleza kazi inavyokwenda, kwa nini mtu mwenye shahada ya sayansi ya tarakilishi anaipenda hivyo, na kwa nini mwezi uliopita nimeuzima moto ule na sitauwasha tena hapa nyumbani.

Mwanzo wake

Mjomba wangu ni mvuvi wa mshipi. Hutoka na mtumbwi hadi nje ya mwamba, akatafuta changu na tewa. Uvuvi huo hula chubwi. Siku za maji mafu, mkondo ni mdogo, na chubwi ya gramu 100 inatosha kufika chini. Siku za bamvua mkondo huvuta kama mto, na ukitupa kitu chepesi mshipi unakwenda pembeni badala ya kwenda chini, kwa hiyo unahitaji gramu 200 au 300. Kisha chubwi hunasa kwenye matumbawe, ukavuta, ukavuta tena, mwisho ukakata. Safari moja inaweza kupoteza chubwi tatu.

Siku moja mjomba akanitazama na kusema, "Wewe si umesomea mashine? Nitengenezee chubwi."

"Mjomba, mimi nimesomea programu."

"Haya basi, niandikie programu inayozama."

Nikacheka, lakini neno lake likanikaa. Jioni ile nikaanza kusoma juu ya kuyeyusha risasi, na nilichokisoma kikanishangaza.

Metali rahisi mno

Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327.5 za Selsiasi. Linganisha: aluminiamu ni 660, shaba ni 1,085, chuma ni 1,538. Kumbe hiyo ni metali ya jikoni!

Tupige hesabu kidogo. Kupasha kilo moja ya risasi kutoka joto la chumba, tuseme nyuzi 30, hadi 327 kunahitaji kama kilojuli 38. Kuiyeyusha ikiwa imefika hapo kunahitaji kilojuli 23 zaidi. Jumla ni kama 61. Sasa chukua lita moja ya maji ya chai kutoka nyuzi 25 hadi 100: hizo ni kilojuli 314. Yaani, tukiacha joto linalopotelea hewani, kuyeyusha kilo ya risasi kunatumia sehemu moja ya tano ya joto la kuchemsha lita moja ya maji.

Ndugu msomaji, isome sentensi hiyo mara ya pili, kwa sababu makala yote imesimama juu yake. Hakuna tanuru. Hakuna mvukuto. Jiko la mkaa, sufuria ya chuma, na dakika chache. Metali nyingine zinakulinda kwa ugumu wake, maana hutazifikia bila mtaji na fundi. Risasi haikulindi. Mlango wake uko wazi kwa kila mtu.

Majirani zetu wa Marekani

Nilipotafuta maarifa ya kusubu, karibu yote niliyoyapata yameandikwa na Wamarekani wanaojitengenezea risasi za bunduki nyumbani. Kule ni starehe ya watu wengi. Mtu ana bunduki ya kulengea shabaha, anaona risasi za dukani ni ghali, basi anakusanya metali chakavu, ananunua kalibu ya Lyman au Lee, anaweka sufuria ya umeme gereji, na mchana mmoja anasubu mamia. Kampuni ya Lyman imekuwepo tangu 1878, kwa hiyo si jambo la jana.

Hapa kwetu hilo halipo. Sheria ya Kenya kuhusu silaha, sura ya 114, haimruhusu mtu kujitengenezea risasi za bunduki bila leseni, na sioni sababu ya kulalamika. Lakini ujuzi wao unahama vizuri kabisa. Metali ni ile ile, moto ni ule ule, na makosa ya kuungua vidole ni yale yale. Nimejifunza kwao mambo matatu.

La kwanza, mchanganyiko ni kila kitu. Risasi tupu ni laini, unaweza kuikwaruza kwa ukucha. Ukiongeza antimoni inakuwa ngumu. Ukiongeza bati halisi, hata asilimia mbili tu, inamiminika vizuri na kujaza kona zote za kalibu. Watu wale huipenda sana metali ya herufi za mashine za kupigia chapa za Linotype, ambayo ina takriban asilimia 84 risasi, 12 antimoni na 4 bati. Fikiria: metali iliyokuwa ikichapa magazeti sasa inatoboa makaratasi ya shabaha.

La pili, joto lipimwe, lisikisiwe.

La tatu, maji na risasi iliyoyeyuka havikai sufuria moja. Tone la maji likizama chini ya risasi hugeuka mvuke papo hapo na kutanuka karibu mara 1,700. Kinachofuata ni sufuria nzima kurushwa hewani. Hata tone la jasho, hata upawa uliolala nje usiku ukashika umande.

Jinsi nilivyokuwa nikifanya

Kwa wanaopenda hatua, hizi hapa.

1. Kupata metali. Nilinunua vipande vya bomba la zamani la maji, vifuniko vya nyaya za simu, na vile vizito vya kubalansi magurudumu. Betri za gari sikugusa, na nitaeleza sababu.

2. Kukausha. Kila kitu kinalala juani siku nzima. Upawa na kalibu vinapashwa kando ya jiko kabla ya kugusa risasi.

3. Kuyeyusha. Sufuria ya chuma cha kusubu, jiko la mkaa, nje kabisa, upepo ukiwa mgongoni. Miezi ya kusi ni mizuri kwa hili, upepo hauna kigeugeu.

4. Kusafisha. Unatia kipande cha nta ya mshumaa na kukoroga. Inatoa moshi na mwali, lakini inarudisha sehemu ya metali iliyoshika oksijeni. Uchafu unaelea juu kama ukoko wa kijivu, unauengua na kuutia kwenye mkebe wenye kifuniko. Ukoko huo ni wa kuogopwa kuliko risasi yenyewe. Tutarudi hapo.

5. Kumimina. Kalibu yangu ni vipande viwili vya aluminiamu vilivyochimbwa umbo la tone na fundi wa jua kali. Risasi haishiki kwenye aluminiamu. Unaweka kipete cha waya usioshika kutu juu, unabana, unamimina kwa mfululizo bila kusita. Ukisita, chubwi inatoka na mikunjo kama ngozi ya mzee.

6. Kungoja. Juu ya tundu la kumiminia kuna kioo kidogo kinachong'aa. Ghafla kinafifia na kuwa na ukungu. Hapo imeganda. Unafungua, chubwi inaanguka, ina joto, inang'aa kama fedha.

Sare yangu ilikuwa miwani ya kinga, glovu za ngozi, aproni, viatu vilivyofunika mguu wote, na barakoa yenye vichujio vya vumbi laini. Mjomba alinicheka akisema nimevaa kama mtu anayekwenda mwezini. Lakini hakukaribia.

Sijui kama nimeweza kueleza raha yake. Kazini ninaandika msimbo ambao siugusi, unaoendesha mashine ambazo sijawahi kuziona, kwa wateja nisiowajua kwa sura. Hapa, baada ya nusu saa, kuna kitu mkononi. Kina uzito. Kesho kitakuwa chini ya bahari kikifanya kazi.

Mstari uliokataa kushuka

Bila shaka nisingeweza kuiacha hivi hivi bila kuingiza tarakilishi.

Metali chakavu ina tatizo: hujui ndani yake kuna nini. Vizito vya magurudumu vinafanana kwa macho, lakini vingine ni risasi yenye antimoni na vingine ni zinki. Zinki huyeyuka karibu nyuzi 420. Ukizidisha moto ikaingia kwenye sufuria, inafanya risasi iwe na mabonge na isijaze kalibu. Ukiweka joto chini ya 400, zinki haiyeyuki na kwa kuwa ni nyepesi inaelea juu, unaichota kwa koleo. Kwa hiyo themomita ni kichujio.

Nikachukua waya wa kupimia joto, ile aina ya K, nikauunga na kipande cha MAX6675 na kibodi kidogo cha Arduino. Kipande hicho husoma kwa hatua za robo nyuzi. Nikaandika programu fupi ya Python inayopokea vipimo kila sekunde na kuchora mstari kwenye skrini.

Kisha nikafanya jaribio la kupoza. Nikayeyusha risasi ya bomba, nikaondoa sufuria motoni, nikaangalia. Mstari ukashuka: 380, 360, 340. Ulipofika 327, ukasimama. Dakika zikapita na mstari umelala sawa kama sakafu, ingawa sufuria inaendelea kupoteza joto. Ni kwamba risasi inapoganda hutoa joto lake lililofichika, na joto hilo ni sawa na lile la kuipoza nyuzi karibu 180. Ikishaganda yote, mstari unaanza kushuka tena.

Vizito vya magurudumu vilichora picha nyingine. Mstari haukusimama penye 327. Ulianza kupinda chini ya hapo, ukateremka polepole kama mtu anayeshuka ngazi gizani, ukasimama kidogo jirani na 250, kisha ukaendelea. Hiyo ni saini ya antimoni. Bila maabara, bila kemikali, kwa vifaa vya bei ya chakula cha mchana cha siku chache, niliweza kujua kilichomo kwenye sufuria yangu.

Ninaupenda mchoro ule mpaka leo. Lakini ulinifundisha kitu ambacho sikukitarajia. Nilikuwa nimejenga kifaa cha kupima kila kitu kilicho ndani ya sufuria. Kilicho nje ya sufuria nilikuwa bado sijakipima.

Vumbi

Watu wengi huogopa moshi. Ukweli ni kwamba risasi huchemka kwenye nyuzi 1,749, na kwenye 350 au 370 mvuke wake ni kidogo sana. Ndiyo sababu nyingine ya kutozidisha moto. Hatari kubwa ya jiko la nyumbani ni ule ukoko wa kijivu, oksidi ya risasi, unaokauka na kuwa unga. Unga unashika mikono, nguo, nywele, na viatu. Mkono unashika mkate.

Mtu mzima ana kinga kiasi. Mtoto mdogo hana. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano kuliko mtu mzima, na kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mwili huidhani kuwa kalisi, ukaihifadhi kwenye mifupa na meno. Ubongo unaokua ndio unaolipa. Hakuna homa ya kukuonya. Mtoto anakuwa tu mzito wa kujifunza, na mwalimu anasema ni mvivu. Huko Marekani kiwango cha damu cha mtoto kinachotakiwa kufuatiliwa kilikuwa maikrogramu 10 kwa desilita, mwaka 2012 kikashushwa kuwa 5, na 2021 kikawa 3.5. Kila walipotazama kwa makini zaidi, waliona madhara chini zaidi.

Ndiyo maana dunia imekuwa ikiifukuza metali hii polepole. Uingereza ilizuia vizito vidogo vya risasi vya kuvulia mwaka 1987, kwa sababu bata-maji walikuwa wakivimeza na kufa. Umoja wa Ulaya uliiondoa kwenye lehemu ya vifaa vingi vya elektroniki kuanzia Julai 2006. Petroli yenye risasi ilikwisha Afrika kusini mwa Sahara mwaka huo huo wa 2006, na mwaka 2021 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake pale Gigiri, likatangaza kwamba imekwisha duniani kote baada ya Algeria kuiacha.

Na sisi wa Pwani hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Owino Uhuru, hapa hapa Mombasa, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilichofanya kazi kuanzia 2007 hadi 2014, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wake. Mwanawe mchanga aliugua, na vipimo vikaonyesha risasi mwilini. Mama yule hakunyamaza, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Upeo ikairejesha.

Sasa mnaelewa kwa nini sikugusa betri. Ndani ya betri risasi nyingi si metali, ni unga wa oksidi na salfeti uliolowa asidi. Unga huo hauyeyuki kwenye jiko la mkaa. Unabaki kuwa unga. Kuvunja betri nyumbani ni kujisubia Owino Uhuru yako ndogo uani.

Vijiti kumi na viwili

Miaka yote hii nimeishi peke yangu. Kisha dada yangu akapata kazi huku, na tukakubaliana aje akae nami pamoja na mwanawe wa miezi 14. Mtoto wa umri huo hatembei sana. Anatambaa, na kila anachokiona anakitia mdomoni. Kwa hiyo na mimi sasa ni mjomba wa mtu.

Wiki mbili kabla hawajafika, nikaagiza vile vijiti vya kupimia risasi, ambavyo unasugua mahali na ncha ikiona risasi inageuka rangi ya waridi. Nikaandika orodha kama tunavyoandika majaribio ya programu: mahali, matarajio, matokeo. Vijiti 12.

Benchi la kazi: waridi. Nilitarajia. Mpini wa upawa: waridi. Nilitarajia. Sakafu ya kibanda: waridi. Aproni: waridi. Bomba la kunawia nje: hapana. Kitasa cha mlango: hapana. Meza ya jikoni, sakafu ya sebule, kibodi ya tarakilishi, kochi: hapana, hapana, hapana, hapana. Soli za viatu vya kazi, ambavyo haviingii ndani: waridi.

Kijiti cha kumi na mbili nilikisugua kwenye zulia la mlangoni, nje ya jikoni, mahali ambapo viatu vile havikanyagi. Kikasita kidogo. Kisha kikawa waridi hafifu.

Wenzangu wanaoandika programu watanielewa nikisema kwamba huu ni uvujaji wa kumbukumbu. Hakuna ujumbe wa hitilafu. Programu inafanya kazi vizuri, majaribio yanapita, mteja amefurahi. Kila mzunguko unaacha baiti chache tu. Huwezi kuuona kwa kuutazama siku moja, na kadiri mashine inavyokaa bila kuzimwa ndivyo unavyokua. Nilikuwa na mfumo mzuri, pengine bora kuliko wa wengi. Mfumo mzuri nao huvuja, na mtoto anayetambaa ndiye ndoo iliyowekwa chini ya tundu. Tena vijiti vile vinaona kiasi kikubwa tu. "Hapana" yake si hati ya usafi.

Basi uamuzi haukuhitaji usiku wa kuwaza. Raha ya kusubu ilikuwa yangu peke yangu. Vumbi lingekuwa la wote.

Sikufagia, kwa sababu kufagia kikavu ni kurusha vumbi hewani. Nilipangusa kwa vitambaa vilivyolowa maji ya sabuni, mara tatu, nikibadilisha maji kila mara. Zulia, aproni na viatu vilifungwa kwenye mifuko miwili miwili. Udongo wa juu pale kibandani niliuondoa, nikamimina zege juu. Metali iliyobaki, kilo 11 za mikuo safi, imo kwenye mkebe wa rangi uliofungwa kwa kufuli. Risasi iliyoganda na kufunikwa haina miguu. Sikuiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa sababu ninajua jiko la nani lingeipokea. Dada naye amekubali mtoto apimwe damu, sasa na baada ya miezi sita. Kipimo cha damu ndicho pekee kinachojibu swali lenyewe.

Hesabu ya nondo

Lakini mjomba bado anahitaji kuzama.

Hapa ndipo nilipofanya hesabu. Kinachovuta mshipi chini si uzito wa chubwi nchi kavu, ni uzito unaobaki baada ya maji kuisukuma juu. Uzani wa risasi ni gramu 11.34 kwa sentimita moja ya ujazo, wa chuma ni 7.87, wa maji ya bahari ni kama 1.025. Toa sehemu ya maji na utapata: gramu 100 za risasi zinabaki 91 majini. Gramu 100 za chuma zinabaki 87.

Tofauti ni gramu nne! Tunabeba sumu kwa ajili ya gramu nne.

Risasi ina faida ya kuwa ndogo, hilo ni kweli. Chuma chenye nguvu ile ile majini kina ujazo wa mara moja na nusu, na mkondo unapata mahali zaidi pa kushika. Lakini mara moja na nusu si mlima. Ili kupata kazi ya chubwi ya risasi ya gramu 200, unahitaji chuma cha gramu 209. Nondo ya milimita 16 ina uzito wa kilo 1.58 kwa mita. Kwa hiyo kipande cha sentimita 13 kinatosha. Kwa chubwi ya gramu 300, sentimita 20. Fundi anayechomelea madirisha hukata masalio ya nondo na kutia kipete kwa dakika mbili, na kikinasa kwenye matumbawe kikabaki huko, kitakula kutu na kurudi kuwa udongo mwekundu.

Nilimpelekea mjomba vipande kumi. Akavipima mkononi kimyakimya. Akasema vinapaka kutu mtumbwini, na vile vidato vya nondo vinanasa zaidi. Yote mawili ni kweli. Tumepunguza la pili kwa kusaga vidato. La kwanza anavumilia. Chubwi zake za risasi zilizobaki anazo bado, ila sasa ziko kwenye mkebe wake peke yake, si kwenye kikapu kimoja na mkate, na ameacha kuzibana kwa meno.

Kwa anayetaka kusubu

Siandiki haya kumkataza mtu. Kusubu ni kazi ya kale na nzuri, na mtu mwenye kibanda mbali na nyumba, nguo zisizotoka hapo, na maji ya kunawia, anaweza kuifanya kwa akili. Ninachoomba ni ajibu maswali matatu kabla ya kuwasha mkaa. Metali hii ilikuwa nini kabla haijafika kwangu? Ukoko na unga vitaishia wapi? Na ni nani anayetambaa katika nyumba nitakayorudi jioni?

Swali la kwanza lina jibu kwenye mchoro wa kupoza. Programu ile bado inafanya kazi, na makala ijayo nitaeleza msimbo wake hatua kwa hatua, pamoja na namna ya kuunga waya wa aina ya K bila kugeuza chanya na hasi. Tutapima mafuta ya kukaangia mahamri, ambayo yana tabia zake, na yanaliwa.

Mpaka wakati huo, naweni mikono.